Mwenye Chatu

Mjini Masasi walituita watu wa chatu, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye chatu. Lugha ya kompyuta tuliyokuwa tukijifunza inaitwa Python, jina la nyoka yule mkubwa anayemeza mbuzi mzima, nasi kwa mzaha tukaandika kwenye kitambaa mlangoni: KARIBUNI KONGAMANO LA CHATU. Mzaha huo ulikuja kututokea puani. Mwaka wa kwanza tu, mzee mmoja wa sokoni alichungulia dirishani, akaona vijana wameinamia vioo vinavyong'aa, hakuna anayesema neno, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yuko wapi huyo nyoka?" Nikamwambia hakuna nyoka, ni hesabu tu. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Simtaji jina, maana yeye mwenyewe hapendi. Sisi wote tulimwita Mratibu. Huku kwetu mwanamke wa umri wake huitwa kwa jina la mtoto wake, na yeye hakujaliwa mtoto. Wageni walipokwama, wasijue wamwiteje, aliwaokoa mwenyewe: "Niiteni Mratibu. Si naratibu?" Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Newala, mrefu, mwembamba, kitenge begani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na mwendo wa haraka uliowafanya watu wamfuate wakikimbiakimbia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mkomaindo, na kwa miaka mingi kazi yangu kwenye kongamano ilikuwa kukaa mezani mlangoni na kuandikisha watu. Yeye Mmakonde wa juu kwenye baridi, mimi Mmakua wa chini huku kwenye joto. Aliniita Baba Salma, na tulielewana.

Kongamano lenyewe lilifanyika wakati wa kipupwe, shule zikiwa zimefungwa na msimu wa korosho haujaanza, mwaka huu Masasi, mwaka unaofuata Newala. Hakuna aliyelipwa, kuanzia wapishi mpaka wakufunzi. Kiingilio kilikuwa kidogo, na asiye nacho alileta unga wa muhogo, au mbaazi, au ming'oko ya porini, mizizi kama viazi, iliyochimbwa jana yake, na kila kitu kikaingia jikoni bila kuulizwa ni cha nani. Ikitokea Newala maji yamekatika, kila mshiriki alikuja na dumu lake. Wafadhili walikuja mara moja, wakataka kutundika mabango yao makubwa na kuchagua nani afundishe. Mratibu aliwapa chai, akawasindikiza mpaka kwenye gari lao, akarudi akiwa amefurahi kuliko nilivyopata kumwona.

Neno moja alilipiga marufuku, nalo ni "rahisi". Kijana wa chuo aliyetoka Mtwara kuja kutusaidia alianza somo lake kwa kusema, "Hii ni rahisi sana." Mratibu alikuwa nyuma ya ukumbi akimimina chai. Aliweka birika chini, akamwendea mbele ya watu wote.

"Mwanangu, huyu mama amekaa hapa tangu asubuhi, hajaiweza. Ukimwambia ni rahisi, umemwambia nini?"

Kijana akaomba radhi.

"Usiniombe mimi. Anza upya. Mwambie ni kitu kipya."

Waliochelewa hakuwafokea. Aliwaketisha mbele kabisa, karibu na mkufunzi, kwa sababu, alisema, wao ndio waliokosa mengi. Watu wazima walianza kuwahi kwa kuogopa viti hivyo. Programu ya mtu ilipokataa kufanya kazi, alisoma mstari kwa mstari kwa kidole na kwa sauti, akihesabu kwa Kimakonde, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni na kuona mmoja hayupo. "Kompyuta haigombi," alizoea kusema. "Inakwambia imekwama wapi. Watu ndio hawasemi."

Lakini mwanamke huyo aliyefundisha nusu ya vijana wa wilaya mbili kuandika programu aliogopa umeme. Hakuwahi kuchomeka waya ukutani kwa mkono wake. Alisimama mbali, akaniita, "Baba Salma, njoo," nami nikachomeka, naye akafumba macho mpaka asikie imewaka. Nilimtania kwa hilo miaka yote, na hakuona aibu.

Uongo pia hakuuweza, hata ule mdogo wa adabu. Mwaka mmoja niliandika kwenye tangazo kwamba watakuwepo wataalamu kutoka nje. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mmoja kutoka Lindi. Mratibu alinisubiri nibandue tangazo lile mbele yake, akanipa karatasi nyingine. Wali ulipoungua, alisimama mbele ya wageni, mkuu wa shule yumo, akasema, "Wali umeungua. Tutakula hivyo hivyo, lakini nisije nikawaambia karibuni chakula kitamu." Nayataja haya kwa sababu ya mambo niliyokuja kuyasikia baadaye, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najiuliza kama nilimjua.

Kitu alichokipenda kupita vyote kilikuwa kikao cha stadi. Siku ya mwisho, baada ya kula, tulisukuma madawati ukutani, tukakaa duara. Kila mtu alisimama akataja jambo moja analolijua na jambo moja asilolijua, la kompyuta au la maisha, lolote. Anayejua kile ambacho mwenzake hakijui aliondoka mahali pake akaenda kukaa kando yake. Hapakuwa na hotuba. Mpaka jua linapoelekea kushuka duara lote lilikuwa limehama, mfanyabiashara wa mbaazi kakaa na binti wa kidato cha nne, karani wa afya kakaa na mama anayebangua korosho, na ukumbi umejaa mnong'ono kama mvua ya mbali.

Katika duara lile ndipo tulipomjua Fadhili. Alitoka Mnyambe, baba yake alikwisha fariki, na yeye na mama yake walilima mikorosho na mihogo. Alisimama, mikono nyuma kama yuko darasani, akasema, "Najua kupalilia. Sijui hata kuwasha hii." Mratibu mwenyewe ndiye aliyeondoka akaenda kukaa kando yake. Akampa kompyuta yake ya zamani aende nayo. Baada ya miaka michache Fadhili alikuwa anafundisha wenzake, na programu yake iliwapelekea wakulima wa kijijini kwao ujumbe wa simu kila bei ya mnada wa korosho ilipotangazwa. Mratibu hakuwa mtu wa kumsifu mtu usoni, lakini kwenye chakula nilimwona akimsogezea Fadhili mkia wa samaki, halafu akijifanya anatazama pengine.

Mwaka mmoja, Newala, alikuja mgeni. Mtu wa makamo, nadhifu, Kiswahili chake kizuri, na picha za ofisi yenye vioo katika nchi ya mbali mashariki. Alisema wanatafuta vijana wanaojua kompyuta. Mratibu alimhoji sana, nami nilikuwepo. Aliuliza mkataba, aliuliza wanakaa wapi, aliuliza nani atawapokea. Kila swali lilikuwa na jibu na kila jibu lilikuwa na karatasi. Kisha akampandisha mbele, akasema maneno machache tu: "Mgeni wetu ana kazi. Msikilizeni."

Miaka baadaye nilimkuta akiosha vikombe nyuma ya ukumbi, peke yake, hajui kama nipo, akiyarudia. "Mgeni wetu ana kazi. Msikilizeni." Anayasema tena, polepole zaidi, kidole kikigusa ukingo wa beseni kila neno. Nilirudi nilikotoka bila kumsemesha.

Aliyekwenda alikuwa Fadhili peke yake, maana wengine walikataliwa na wazazi. Mama Fadhili alichinja jogoo. Mratibu alimsindikiza mpaka stendi, akamnunulia maji na mkate. Tukapata picha yake akiwa uwanja wa ndege, anacheka, begi dogo begani. Baada ya hapo kimya, na siku moja, shuleni, wakati wa mapumziko, simu ya Mratibu ikaita. Alikuwa Fadhili. Alinieleza mwenyewe yale aliyoyasikia.

"Mratibu, huku si ofisi. Wametunyang'anya pasi za kusafiria. Tunakaa kwenye jengo, tunaandikia watu kwenye simu, tunawadanganya mpaka watoe pesa zao. Ukikataa unapigwa. Usimwambie mama."

Simu ikakatika. Kesho yake Mratibu akaenda Mnyambe, akamwambia mama.

"Sikuweza kukaa na neno la mtoto wa mtu," aliniambia.

Mama Fadhili alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Yule mgeni aliletwa na nani?"

"Alikuja mwenyewe. Lakini aliyemsimamisha mbele yenu ni mimi."

Habari hazikuchukua muda kuenea, na zilivyoenea zilibadilika. Jengo na simu na wezi wa nchi za mbali ni mambo magumu kuyaona ukiwa sokoni Newala. Chatu anaonekana. Watu wote wanajua kwamba wapo wenye kufuga nyoka wa utajiri ndani ya nyumba, na nyoka huyo hadai maziwa, anadai watu. Na nani kati yetu alikuwa hana mtoto wa kumtoa, hata ikambidi atoe wa mwenzake? Wakayaunganisha hayo. Kitambaa chetu cha mlangoni, kile cha mzaha, kilitajwa kama ushahidi. Wazazi waliwaambia binti zao wakikutana na Mratibu njiani wavuke upande wa pili. Wanafunzi wake walimwamkia shikamoo wakiwa wameangalia chini, na yeye akajibu marahaba kila mmoja, hakumruka hata mmoja.

Kisha wakaenda shambani kwake. Hawakukata mikorosho, maana mkorosho uliokatwa huchipua. Waliichuna magome, wakazungusha kila shina, wakaiacha ife imesimama. Nilikwenda kuiona. Ukungu wa Newala wa asubuhi ulikuwa haujaondoka, na miti ile ilikuwa imeanza kupukutika, safu kwa safu, matawi matupu. Nikamwambia tutafute watu waing'oe, wapande mingine.

"Iache," alisema. "Aliyefanya hivi anapita hapa kila siku kwenda kwake. Na yeye aione."

Alikwenda ofisi nyingi, Mtwara, Dar es Salaam. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza, wakamwambia asubiri. Kwenye kundi letu la simu namba ya Fadhili ilibaki, na picha yake amesimama kwenye mkorosho uliochanua. Kijana mmoja wa kamati alisema pengine tuiondoe, simu hiyo huenda iko mikononi mwa wezi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mratibu akamjibu, "Basi wewe toka, yeye abaki." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimkatia mtu neno.

Kila siku ya gulio Mama Fadhili alitoka Mnyambe, akafika nyumbani kwa Mratibu asubuhi, akakaa barazani. Hakutukana, hakulia, hakuomba. Alikaa. Mratibu alimletea maji, akayapokea. Akamletea chai, akaipokea. Kisha Mratibu naye akavuta kigoda, wakakaa wote wawili wakitazama njia mpaka jua likawa kali, na Mama Fadhili akasimama, akakung'uta khanga yake, akasema, "Haya Mwalimu." "Haya Mama Fadhili." Nimewaona hivyo kwa macho yangu, na ninaweza kusema sijaona kitu cha kutisha kuliko wanawake wale wawili wasiosema kitu. Majirani walipita haraka. Waliamini mmoja anamroga mwenzake, hawakukubaliana tu ni yupi.

Kongamano lililofuata, wengi tulidhani litakufa. Lilifanyika Masasi, watu wachache, ukumbi ukitoa mwangwi. Kikao cha stadi kilipoanza mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Fadhili. Mratibu alikuwa amemwalika, hakutuambia. Zamu yake ilipofika alisimama.

"Najua kupanda korosho," alisema. "Najua kupika ugali wa muhogo ukawa laini. Ambalo silijui, mwanangu yuko wapi. Anayejua aje akae hapa."

Akaketi, akaweka mkono juu ya kiti kitupu kilicho kando yake.

Kila mmoja alitazama miguu yake. Sheria yetu ile tuliyoipenda, aliye na jibu aondoke akakae, sasa ilitugeukia. Kisha Mratibu akainuka upande wa pili wa duara. Akavuka katikati, na mwendo wake ule wa haraka haukuwepo, alitembea kama anayevuka maji asiyojua kina chake. Akasimama mbele ya kiti.

"Mama Fadhili, mimi silijui."

"Najua hulijui."

"Nikae?"

Yule mama akaondoa mkono wake. "Kaa."

Hapo ndipo uvumi ulipoanza kupungua nguvu. Haukufa. Lakini walioshuhudia walirudi makwao wakasimulia, na siku za gulio zilizofuata jirani mmoja akasimama akawaamkia wale wawili barazani, kisha mwingine.

Fadhili alirudi. Askari wa nchi ile walivamia lile jengo, waliokuwa ndani wakatolewa, wa mataifa mengi, na watu wa serikali yetu wakawaleta wa kwetu. Kama safari za Mratibu maofisini zilisaidia au ilikuwa bahati, hatukuambiwa. Alirudi amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Hakutaka kushika simu. Alikaa daima mgongo ukiwa ukutani. Watu wa Mnyambe, waliokuwa wamesema kamezwa, sasa wakasema huyu si yeye, huyu ni msukule, chatu kamtapika baada ya kumaliza roho. Nami nilipokwenda kumpa pole, akanyanyua macho polepole na kunitazama kama mtu anayesoma bango lililo mbali, Mungu anisamehe, nilielewa kwa nini wanasema hivyo.

Kilichomrudisha katika watu ni kazi ya shamba, na mama yake, na muda. Mratibu alikwenda Mnyambe kila alipopata nafasi. Wakati wa palizi walilima watatu, safu moja, na sikuwahi kusikia walizungumza nini. Mwaka uleule alituambia amestaafu uratibu. Kazi ilinipata mimi. Hakuna anayeniita Mratibu. Jina lile halikuhama.

Mwaka huu kongamano lilikuwa Masasi tena. Sikumtarajia. Siku ya kwanza, mapema, bado napanga kalamu mezani mlangoni, nikamwona anakuja kwenye njia ya changarawe, miwani ile ile, nywele zimekuwa nyeupe. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Akaketi kando yangu, akatazama uwanja mtupu.

"Kuna jambo sijamwambia mtu," alisema. "Fadhili analijua, mama yake analijua. Wewe nilikuwa sijakwambia."

Nikaweka kalamu chini.

"Alipokuwa kule, aliniandikia. Si mara moja. Yaani walimwandikisha. 'Mratibu, huku kazi ni nzuri, nitumie vijana wengine wa kongamano.' Nilijua si maneno yake, Fadhili hajawahi kuandika sentensi bila nukta. Nikafikiri, nikikataa, hana faida kwao tena. Mtu asiye na faida wanamfanya nini? Basi nikajibu ndiyo."

"Ukajibu ndiyo?"

"Nikasema ninao. Nikawatunga. Mmoja binti, Zaituni, yatima, anajua Kiingereza sana. Mmoja Shaibu wa Lupaso, mkali wa hesabu, ana mama anayemtegemea. Na wengine. Nikawapa umri, nikawapa shule walizosoma. Kila walipouliza mbona hawaji, nikatoa sababu. Pasi ya Zaituni imechelewa. Mama yake Shaibu anaumwa. Baba Salma, yule mama nilimuuguza. Malaria, presha, mguu. Miezi na miezi."

Mwanamke aliyenifanya nibandue tangazo kwa sababu ya binti wa Lindi. Nilimtazama, na yeye alikuwa anatazama uwanja.

"Fadhili aliporudi nikamwambia. Akasema anajua. Jina jipya lilipofika, walimpa wali na samaki, siku hiyo. Kijana asipokuja, walimpiga. Kwa hiyo kila jina nililoandika lilikuwa sahani, halafu likawa fimbo."

"Ulimwuliza kama ni afadhali ungeacha?"

"Nilimwuliza. Tulikuwa tunalima. Alilima mpaka mwisho wa safu, akarudi. Akasema, 'Siku za wali nilizihesabu, Mratibu. Zile nyingine sikuzihesabu.'"

Watu walianza kuingia uwanjani, wawili wawili, na madumu yao na mifuko. Akashusha sauti.

"Yeye ananiambia nilale. Lakini wale wananijia. Si ndoto, hata mchana. Namwona binti dukani, nasema, Zaituni atakuwa hivi sasa, kakua. Nilitaka kuwapeleka kule, unaelewa? Kwa maneno tu, lakini niliwafungia begi, nikawapandisha gari. Hawana mtu wa kuwatafuta."

Nikaanza kuandikisha. Wakapita kina mama wa korosho, wakapita wanafunzi wa ufundi, wakamwona, wakamwamkia, akaitika. Mstari ukapungua. Akabaki kijana mmoja, mrefu, viatu vimejaa vumbi jekundu, amekuja kwa mara ya kwanza, unaona kwa jinsi alivyosimama.

"Jina lako?"

"Shaibu."

"Unatoka wapi?"

"Lupaso."

Kina Shaibu wa Lupaso ni wengi. Nimefundisha watatu mimi mwenyewe. Nilijiambia hivyo wakati huohuo, kalamu mkononi, bila kuandika. Sikugeuka kumtazama Mratibu. Nilisikia kiti chake kikiburuzwa.

Alizunguka meza. Akashika mkono wa kijana kwa mikono yake miwili. Yule kijana akainama kidogo, akampa shikamoo.

"Marahaba. Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

"Anajua. Ndiye aliyeniruhusu."

"Mpigie."

Kijana akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa apige. Akatoa simu mfukoni, ikaita muda, na sauti ya mwanamke ikatokea, na nyuma yake majogoo na mtu anatwanga.

"Mama, nimefika. Kuna bibi hapa anataka kukusalimu."

Mratibu akaipokea simu kwa uangalifu, akaishika mbali kidogo na sikio, nasi tukasikia.

"Habari za huko, Mama Shaibu?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo wewe? Mwili mzima?"

"Sijambo kabisa, niko shamba hapa."

"Huumwi?"

"Siumwi." Sauti ikacheka. "Nani kasema naumwa?"

Mratibu alifumba macho.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye nilisema. Nisamehe."

Mchi uliendelea kutwanga.

"Haya, nimekusamehe," ile sauti ikasema, bila kuelewa, kwa upole ambao watu huwapa wazee. "Basi mwangalie huyo, hakunywa hata chai."

"Nitamwangalia."

Akamrudishia kijana simu yake. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kalamu kutoka kwangu, akainama mezani na kumwandika mwenyewe, jina, kijiji, polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kijana akashukuru, akaingia ndani. Mratibu akabaki amesimama mlangoni, kalamu yangu mkononi, akimfuata kwa macho katikati ya watu mpaka alipopata kiti na kuketi.